Giaboksi ya Impreza Turbo Ikilalamika: Chunguza Nje Kabla ya Kuishusha

Ukipita Kirinyaga Road, Nairobi, utaona giaboksi za Subaru zimelazwa chini mbele ya maduka ya spea, nyingine bado na matope ya gari zilikotolewa. Wanunuzi wengi hufika pale wakiwa na kauli moja ya fundi: "Giaboksi imekufa." Nimeshika magari hayo miaka mingi, na najua kwamba baadhi ya giaboksi zilizohukumiwa hivyo zilikuwa nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye klachi, kwenye bushi ya mkono wa gia, au kwenye tairi moja jipya lililofungwa peke yake.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru Impreza yana sababu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akalirudisha gari hilo kileleni mwaka 2000. Lakini WRX na STI, yaani Impreza zenye turbo, za enzi hizo haziwezi kuagizwa tena kama gari zima, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8. Yaliyopo ndiyo hayo hayo tunayoyatunza. Kwa hiyo giaboksi iliyomo ndani ya gari lako ni mali, na haifai kutolewa kwa kubahatisha.

Anza kwa kujua unayo ipi. Juu ya nyumba ya klachi pana kibandiko chenye herufi na namba. Ikianza na TY75, hiyo ni ya gia 5, iliyofungwa kwenye WRX nyingi na STI za zamani. Ikianza na TY85, ni ya gia 6, iliyoingia kwenye STI kizazi cha Impreza kilichoanza mwaka 2000. Tabia zao ni tofauti, na spea zake haziingiliani.

Gia zote ngumu, na riversi inakwaruza

Injini ikiwa imezimwa gia zinaingia laini, ukiwasha zinagoma. Hapo usiitazame giaboksi kwanza. Klachi haiachii vizuri, na shafti ya kuingiza nguvu inaendelea kuzunguka hata baada ya wewe kukanyaga pedali hadi chini.

Fanya jaribio hili gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu sekunde 5 bila kugusa mkono wa gia, kisha ingiza riversi. Shafti ilipaswa kuwa imeshatulia. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, kuna kitu bado kinaizungusha, na kitu hicho ni klachi.

Sasa fungua boneti. Kwenye WRX na STI, silinda ndogo ya klachi imekaa juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), mahali penye giza. Mwite mtu akukanyagie pedali, wewe umulike kwa tochi. Utaona kifimbo chake kikisukuma uma wa klachi. Kikisogea kidogo, au kikisogea halafu kikarudi nyuma polepole huku mwenzako bado amekanyaga, presha inavuja. Funua kifuniko cha raba kwenye silinda hiyo: kukiwa na unyevu ndani, sili zimechoka. Kisha rudi ndani ya gari, upitishe kidole nyuma ya pedali pale fimbo inapoingia kwenye ukuta. Kidole kikitoka kimelowa, inayovuja ni masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Nimewahi kuona kapeti ya dereva iliyolowa mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, huku mwenye gari akijadiliana bei ya giaboksi kwa simu.

Ukikuta mafuta ya klachi yamegeuka meusi kama chai ya rangi, yabadilishe na utoe upepo mpaka pedali irudi kuwa imara. Hosi ya raba inayopita pale karibu na joto la turbo hulainika na kuvimba, na nguvu ya mguu wako inaishia kwenye kuvimba huko badala ya kufika kwenye uma. Hosi yenye ganda la chuma kilichosukwa inamaliza shida hiyo, na bei yake si ya kukosesha usingizi.

Baada ya hapo ndipo urekebishe pedali. Fimbo inayoingia kwenye masta silinda ina lokinati. Ilegeze, zungusha fimbo kidogo kidogo, na kila mara ujaribu klachi inashika na kuachia wapi. Lazima ibaki nafasi ndogo, milimita chache, ambapo pedali inasogea bila kusukuma kitu. Mafundi wengine huikaza fimbo mpaka nafasi hiyo iishe, wakidhani wameongeza uachiaji. Wanachofanya ni kuzuia mafuta yasirudi kwenye kopo lake. Gari likipata joto presha inajifunga ndani, klachi inabaki imekanyagwa nusu, na katika wiki chache pleti ya klachi inaungua.

Hydroliki zikiwa safi na klachi bado haiachii, yamebaki ya ndani: uma uliopasuka, presha pleti (sahani inayobana pleti ya klachi) iliyopinda, au ile beringi ndogo inayoshikilia ncha ya shafti katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Beringi hiyo ikikwama, flaiwili huizungusha shafti moja kwa moja, ukanyage klachi usikanyage. Hapo giaboksi inashuka kweli, lakini inashuka kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye kiganja.

Na anayeishusha aelewe jambo hili: kwenye turbo nyingi za gia 5 za kabla ya 2006, na kwenye zile za gia 6, klachi ni ya kuvutwa. Rilizi beringi, ile inayovutwa na uma, imenasa ndani ya presha pleti. Huwezi kuitenganisha giaboksi na injini mpaka utoe kwanza shafti ya uma, kwa kufungua plagi ya pembeni kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10 na kuivuta shafti kwa bolti ndogo. Asiyejua hilo ataleta mtaimbo. Nimeona nyumba ya klachi iliyovunjwa kwa mtaimbo, na aluminiamu ile haikustahili.

Gia moja tu ndiyo inakwaruza

Hapa kesi inahamia ndani ya giaboksi. Kila gia ina sinkro, pete inayobana koni ya gia na kusawazisha kasi kabla meno hayajakutana. Pete ikilika, meno yanakutana kasi zikiwa bado zinatofautiana, na unasikia ile sauti ya kusaga. Mara nyingi ni gia ya pili au ya tatu, kwa kuwa hizo ndizo zinazobadilishwa kwa haraka huku turbo ikivuta.

Kuthibitisha, tumia klachi mara mbili: kanyaga, toa gia uiweke nyutro, achia klachi, gusa mafuta kidogo kama unashuka gia, kanyaga tena, ingiza. Gia ikiingia laini kwa njia hiyo na kukwaruza kwa njia ya kawaida, sinkro ndiyo imechoka. Unaweza kuishi nayo kwa miezi ukibadilisha gia kwa utaratibu. Ukiilazimisha kila siku, itakula meno ya gia yenyewe, na pete iliyokuwa na bei ndogo itakugharimu gia nzima na slivu yake, ile pete inayoifunga gia kwenye shafti.

Kabla ya kupasua, badilisha oili. Asubuhi ya Limuru, kwenye baridi, gia ya pili kuwa ngumu kwa kilomita mbili tatu za kwanza ni jambo la kawaida kwa magari haya. Ikiwa shida inaisha giaboksi ikipata joto, oili ni nzito au imezeeka. Tumia 75W-90 ya daraja la GL-5. Najua wapo watakaokushauri GL-4, kwamba ni rafiki wa pete za shaba, na kwa giaboksi nyingine wana haki. Lakini kwenye Subaru ya mkono, difu ya mbele, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, imo ndani ya kasha hilo hilo na inaoga oili hiyo hiyo. Meno ya difu husuguana kwa kuteleza chini ya uzito mkubwa, na yanahitaji kinga ya GL-5. Ukiipendelea sinkro utaiua difu.

Gia 5 huchukua oili karibu lita 3.5, gia 6 karibu lita 4. Ukiimwaga, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ujiuji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kuchakaa kwa kawaida. Chembe zinazong'aa kama dhahabu ni pete za sinkro. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno, na ukivikuta usiendeshe tena. Oili ikitoka kama maziwa ya chai, maji yameingia, na njia yake mara nyingi ni kile kitundu cha kupumulia kilicho juu: giaboksi yenye joto ikizamishwa kwenye mto hupoa ghafla na kuvuta maji ndani. Wanaopita barabara za Naivasha majira ya mvua wakague hilo kila mara.

Nati ya kumwaga oili nayo ina hadithi ninayoikumbuka kwa uchungu. Nilipeleka gari gereji moja kubadilishiwa oili ya injini, nikaketi nje kusubiri. Kijana alifungua nati ya nyuma zaidi, ile ya giaboksi, akaona oili imetoka, akafunga, akajaza oili mpya kwenye injini iliyokuwa bado imejaa. Nikaondoka. Nikiwa napanda kuelekea Limuru gari likaanza kutoa moshi wa buluu, na chini ya miguu yangu ukapanda mlio mwembamba kama wa filimbi. Nilisimama, nikavuta dipstiki ya giaboksi, ile inayojificha nyuma ya injini. Ilikuwa kavu. Gari lilivutwa hadi nyumbani, oili ikarudishwa, na gia zote zikafanya kazi. Lakini difu ya mbele haikupona: mlio ule ulibaki kila nilipoachia mafuta kwenye kilomita 80 kwa saa. Tangu siku hiyo naingia chini ya gari pamoja na fundi na kumwonyesha nati kwa kidole. Kwa giaboksi nyingine nati hiyo inataka biti ya Torx T70, na hiyo peke yake inasaidia kuitofautisha na ya injini.

Klachi inateleza

Weka gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na gari lisiongeze mwendo, pleti imekwisha au imelowa oili kutoka sili ya nyuma ya injini. Jaribu mara moja tu, usirudie rudie. Ukiwa umeongeza busti (presha ya turbo), klachi ya kiwandani inaweza kuteleza hata ikiwa mpya.

Wengi hukimbilia pleti ngumu za shaba zisizo na springi. Mimi sizipendi kwa gia 5. Springi za pleti ndizo zinazopokea pigo nguvu inapoingia ghafla. Ukiziondoa, pigo linaishia kwenye meno ya gia. Afadhali presha pleti nzito kidogo na pleti yenye springi, hata kama itaisha mapema. Pleti inabadilishwa kwa siku moja.

Gia inachomoka, au mkono wa gia unacheza

Anza na mpira. Fimbo ya gia ya Subaru ina bushi kwenye kiungo karibu na giaboksi na nyingine nyuma ya mkono wa gia. Zikioza, mkono unatikisika kama kijiko kwenye uji na huwezi kujua uko tatu au tano. Kagua pia maunti ya giaboksi, yaani mpira unaoishikilia, na ile fimbo fupi inayotoka juu ya giaboksi kwenda kwenye ukuta wa injini. Kazi yake ni kuzuia injini na giaboksi visipepesuke unapokanyaga na kuachia. Mpira wake ukifa, giaboksi inajivuta mbali na mkono wa gia, na gia inaweza kuchomoka bila kosa lolote la ndani. Mwambie mtu akanyage na kuachia mafuta huku wewe unaangalia injini inaruka kiasi gani.

Kwenye gia 6, riversi ikikataa kuingia ingawa umeinua ile pete chini ya kirungu, angalia waya wake kwanza. Ukilegea, kufuli haifunguki.

Hayo yote yakiwa mazima na gia bado inachomoka, hasa unapoachia mafuta mteremkoni, meno ya kushikia gia yamelika na kuwa ya mviringo, au uma wa ndani umepinda. Hilo ni la kupasua.

Sauti

Sauti husema mengi ukiipa nafasi. Gari limesimama, nyutro, klachi imeachiwa: kukiwa na mngurumo unaonyamaza ukikanyaga klachi, ni beringi ya shafti ya kuingiza nguvu. Kimya kikigeuka kuwa mlio unapokanyaga, ni rilizi beringi. Mlio kwenye gia moja tu ni wa gia hiyo. Mlio unaopanda na mwendo wa gari, usiojali uko gia gani, uko kwenye difu au beringi za magurudumu. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, shuku difu ya mbele. Kama uko gia ya tatu na unasikia tak, tak, tak inayofuata mwendo wako, jino limekatika.

Jino hilo la gia ya tatu ndilo donda la gia 5. Kinacholiua ni nguvu ya kuzungusha inayofika ghafla: kukanyaga hadi chini ukiwa mizunguko midogo na turbo ikapata pumzi yote kwa pamoja, au kuachia klachi kwa kishindo mizunguko ikiwa 5,000 ili watu wakutazame. Kasha la gia 5 limegawanyika nusu mbili kwa urefu, na gia za meno ya mshazari husukumana kando zinapobeba mzigo. Kasha likijipinda kidogo, meno hayakutani tena kwa upana wake wote.

Gari linakaba kwenye kona

Ukikata kona kali kwenye maegesho, gari linajivuta kama umefunga breki ya mkono, matairi yanaruka. Pima mzingo wa matairi yote manne kwa futi ya fundi nguo. Subaru haitaki tofauti ya mzingo izidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyoisha huifanya difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi muda wote, na ile kaplingi yake ya mafuta mazito ikichemka mara nyingi hujifunga.

Matairi yakiwa sawa, na giaboksi iliwahi kubadilishwa, shuku uwiano wa difu, yaani propela shafti (inayopeleka nguvu nyuma) inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Hapa ndipo pesa nyingi za watu zimepotelea. WRX nyingi zina 3.90 mbele na difu ya nyuma ya 3.545, na gia ya kati ya 1.1 ndani ya giaboksi inayasawazisha. STI nyingi za zamani za gia 5 ni 4.444. Ukifunga giaboksi ya 4.444 na kuacha difu ya nyuma ya zamani, mbele na nyuma zinapigana kila mita unayosafiri. Inua nyuma ya gari, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mara 10, uhesabu propela shafti: mizunguko 35 na nusu ni 3.545, 39 ni 3.90, 44 na zaidi kidogo ni 4.444.

Ikibidi kuchagua nyingine

Kwa gari la kila siku lenye nguvu za kiwandani, chukua gia 5 nzuri na ununue na difu yake ya nyuma kutoka gari hilo hilo. Muuzaji akikwambia difu yoyote itaingia, ondoka. Itaingia, kisha itaua difu ya katikati. Angalia pia pahali pa ekseli: nyingine ni za kiume na nyingine za kike.

Ukiwa umeongeza turbo na unapenda kulisukuma gari, gia 6 ya STI ndiyo jibu langu. Gia zake ni pana zaidi, ina pampu yake ya oili, na klachi ya milimita 240 badala ya 230. Lakini usinunue giaboksi peke yake. Unahitaji propela shafti yake, krosi memba (mhimili unaoibeba giaboksi), flaiwili na klachi, difu ya nyuma inayolingana, na kidhibiti cha difu ya katikati ya umeme. Bila umeme huo difu ya katikati inabaki wazi, na gurudumu moja likikosa mshiko matopeni utabaki umeketi. Baadhi ya gia 6 za Legacy spec.B zina difu ya katikati ya kawaida isiyohitaji kidhibiti, na kwa gari la barabarani naziona chaguo la busara.

Gia za meno yaliyonyooka ndani ya kasha la gia 5 zinaondoa ule msukumo wa kando, ila zinalia kutwa nzima. Zile ziitwazo za mbwa (dog box), zisizo na sinkro, ziachie magari ya mashindano. Foleni ya Thika Road si mahali pake.

Yoyote utakayochagua, kabla ya kulipa zungusha shafti kwa mkono ukipitia kila gia, na unuse oili iliyobaki ndani. Ikinuka kuungua, endelea na duka la pili. Ukishaifunga, jaza oili mpya, endesha kilomita 500 bila kulisukuma gari, kisha uimwage juu ya kile kitambaa cheupe na uangalie sumaku kwenye jua.